"Run" Si Kukimbia Tu: Mwongozo kwa Waswahili wa Washwood Heath

Kwa Kiswahili, anayekimbia ana miguu. Hukimbia mtoto, hukimbia mbuzi, hukimbia mwizi na wanaomfukuza. Tukisema gari linakimbia, tunamaanisha dereva amekanyaga mafuta. Ndiyo maana mtu aliyefundishwa darasani Mombasa, Tabora au Bukavu kwamba "run" ni kukimbia hubabaika akifika Birmingham. Hapa basi, bomba la maji, pua ya mtoto, mkataba wa simu, mkutano wa wazazi na hata ugonjwa wa kurithi, vyote husemwa kwa "run", na hakuna hata kimoja chenye haraka.

Makala haya ni kwa ajili yako unayeishi Washwood Heath, Saltley, Alum Rock au Ward End, unayejua Kiingereza cha kuombea maji na zaidi kidogo, lakini bado neno hili linakuponyoka mtu akizungumza harakaharaka. Tutalifuata pale linapokukuta: kituoni, kwa daktari, nyumbani, kazini na ofisini. Ukilielewa vizuri, kituoni litakuepusha na nusu saa ya kusimama kwenye baridi. Kwa daktari litakuepusha na makubwa zaidi.

Neno lenye maana 645

Likikushinda, usijione mjinga, kwa maana wenyewe Waingereza limewatoa jasho. Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford ilipotoa toleo lake la pili mwaka 1989, kitenzi kilichochukua nafasi kubwa kuliko vyote kilikuwa "set". Baadaye wahariri walipokuwa wakiandaa toleo la tatu, mmoja wao, Peter Gilliver, alilishughulikia neno "run" peke yake kwa zaidi ya miezi tisa, na maana zake kama kitenzi zikafika 645.

Huna haja ya kuzikariri zote. Shika wazo moja tu: nyingi kati ya maana hizo zinahusu kitu kilicho katika mwendo wake na hakijasimama. Maji yanatiririka, mashine inafanya kazi, ratiba inafuatwa, muda unapita. Kwa hiyo ukilisikia neno hili, jiulize maswali mawili.

La kwanza: kinachotajwa ni nini, mtu au kitu? Kama ni kitu, weka kando habari ya kukimbia.

La pili: limefuatwa na neno gani dogo? "Out", "over", "late", "by" na "into" ndiyo hubeba uzito wa sentensi. Anayesikia "run" akaliacha "out" ameikosa habari yenyewe.

Kituoni

Basi namba 94 linatoka katikati ya jiji kwenda Chelmsley Wood, likipita Washwood Heath Road. Kwa Kiingereza, njia hiyo yote inaelezwa kwa "run": "The 94 runs along Washwood Heath Road." Maana yake linapita huko. Sentensi nyingine utakazozisikia ni hizi:

- "Buses run every ten minutes": mabasi yanapita kila baada ya dakika kumi.
- "It's running late": limechelewa, lakini linakuja. Ngoja.
- "It's not running today": leo halifanyi safari. Usingoje, tafuta njia nyingine.
- "I ran for the bus": hapa sasa ni kukimbia kwa miguu, kuliwahi basi.

Tofauti ya "running late" na "not running" ni ndogo sikioni na kubwa kituoni. Ya kwanza inakuambia uvumilie, ya pili inakuambia uondoke. Ukiwa na shaka muulize dereva au abiria mwenzako: "Is it coming or not?" Swali fupi kama hilo hujibiwa kwa neno moja.

Kwa daktari na duka la dawa

Hapa ndipo neno hili lina uzito kuliko mahali pengine, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Tuanze mapokezi. Ukiambiwa "The doctor is running forty minutes late", daktari yupo, ila foleni imemrudisha nyuma kwa dakika 40. Usiondoke. Ukiondoka huenda ikaandikwa kwamba hukufika, na itabidi uombe miadi upya.

Ndani, maswali na maelezo huwa haya:

- "Is she running a temperature?": Je, ana homa? Huduma ya afya ya NHS inahesabu joto la nyuzi 38 na kuendelea kuwa ni homa. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38, piga 111, namba ya simu ya NHS, au mpigie daktari wako papo hapo, usingoje kupambazuke.
- "A runny nose": mafua, makamasi yanatoka.
- "The runs": kuharisha. Ni maneno ya mtaani, lakini unaweza kuyasikia hata kwa muuguzi.
- "Run down": mwili umelegea, nguvu zimepungua.
- "We'll run some tests": tutakufanyia vipimo.
- "Let me run through the results": ngoja nikupitishe kwenye majibu, moja baada ya jingine.

Halafu kuna swali ambalo wengi hulijibu kwa mkato: "Does it run in the family?" Daktari anataka kujua kama ugonjwa huo umo katika ukoo wenu. Huuliza hivyo kuhusu kisukari, presha, selimundu, baadhi ya saratani na presha ya macho. Kwetu magonjwa ya nyumbani hayatangazwi ovyo, na heshima hiyo ina sababu zake. Lakini chumba cha daktari kina siri yake, na jibu lako ndilo litakaloamua kama utapimwa mapema au la.

Angalia pia neno "brother". Sisi mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na mtu husema bila wasiwasi kwamba kaka yake ana kisukari. Daktari wa hapa akisikia "my brother" anaandika mtoto wa baba na mama yako. Sema wazi: "my father's brother's son". Shemeji na mawifi hawamo katika hesabu hii, kwa sababu kinachotafutwa ni damu.

Sasa tuje kwa "run out", yaani kuishiwa. Tazama nyakati zake mbili:

- "I'm running out of insulin": insulini inakaribia kuniishia.
- "I've run out of insulin": insulini imeniishia kabisa.

Pia kuna "running low", yaani imebaki kidogo. Muuza dawa akisikia la kwanza atakupangia siku ya kuja kuchukua. Akisikia la pili atajua kwamba leo hii huna kitu. Usichanganye.

Mtego mkubwa zaidi umo katika swali la kukanusha. Muuza dawa anakuuliza: "You've not run out, have you?" Kwa Kiswahili, mtu akiuliza "Hujaishiwa, sivyo?" nawe dawa unazo, unajibu "Ndiyo, sijaishiwa." Unakubaliana naye. Kwa Kiingereza "Yes" hapo inakwenda upande wa pili kabisa: "Ndiyo, nimeishiwa." Mwenye dawa na asiye na dawa wanaweza kutoa jibu lile lile wakimaanisha mambo yanayopingana.

Njia ya kuuruka mtego huu ni kujibu kwa namba. Usiseme "yes" wala "no". Sema "I have four tablets left" au "I have none left". Namba haina tafsiri mbili. Na dawa unayoitegemea kila siku, kama vile pampu ya pumu, ikikuishia usiku au mwisho wa wiki, piga 111. Wanaweza kukuelekeza kwenye duka la dawa linaloweza kukupa ya dharura.

Nyumbani

Bomba likiwa wazi, maji "yana-run". "You left the tap running" ni kwamba umeacha bomba wazi. "Run the tap until it's hot" ni kuyaacha maji yatoke mpaka yawe ya moto. "Run a bath" ni kujaza maji kwenye bafu la kulala. Na "running water" ni maji yanayotiririka, tofauti na yaliyotekwa kwenye beseni.

Maneno haya mawili ya mwisho yashike vizuri, kwa sababu mtoto akiungua na chai au mafuta, utakayempigia simu atakuambia: "Cool it under running water." NHS inashauri jeraha la moto lipozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi au vuguvugu, kwa dakika 20 hadi 30. Barafu haifai, wala siagi, wala dawa ya meno ambayo wengi wetu tuliizoea nyumbani.

Kwenye nguo utakuta kibandiko kimeandikwa "Colours may run". Rangi inaweza kuchuja, kama kanga mpya inavyochuja ikilowekwa mara ya kwanza. Ifue peke yake.

Kama nyumba yako ina mita ya kulipia kabla, jirani atasema "The electric's run out." Umeme haujakatika mtaa mzima, ni salio la mita lililokwisha, kama LUKU inavyoisha Dar es Salaam au tokeni Nairobi. Ukimpigia fundi ukasema tu hakuna umeme, atadhani kuna hitilafu. Kwa hiyo tofautisha: "My meter has run out" ni salio. "There's a power cut" ni umeme kukatika.

Kazini

Washwood Heath ni mtaa wa viwanda tangu zamani. Kiwanda cha Metro-Cammell kilitengeneza mabehewa ya treni hapa kwa miongo mingi, yakiwemo ya treni za chini ya ardhi za London, mpaka kilipofungwa mwaka 2005. Kampuni ya LDV ilitengeneza magari ya mizigo hapa kabla fedha hazijaiishia mwaka 2009. Sasa mtaa huu umepangiwa karakana na kituo cha kuongozea treni za reli mpya ya HS2. Historia hiyo yote inasimulika kwa neno letu moja: kiwanda kilikuwa "running", kampuni ika-"run out of money", na treni za HS2 zitakuwa "run from Washwood Heath", yaani zitaendeshwa na kuongozwa kutoka hapa.

Wengi wetu tunafanya kazi maghalani, viwandani, kwenye usafi na utunzaji wa wazee. Sentensi za kujua ni hizi:

- "The machine is running": mashine imewashwa, inafanya kazi. Hili ni onyo. "Never clean it while it's running": usiisafishe kabla haijazimwa.
- "Don't leave the engine running": usiache injini ikinguruma. Sheria ya hapa pia inakataza kuacha injini ikinguruma bila sababu gari likiwa limesimama barabarani.
- "Who's running the shift?": nani msimamizi wa zamu hii?
- "We're running short of staff": wafanyakazi ni pungufu.
- "The shift runs from six to two": zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Hapo kumbuka kubadili saa za Kiingereza kuwa za Kiswahili.
- "Run it past the manager first": mwulize meneja kwanza kabla hujafanya.
- "The meeting ran over": mkutano ulipitiliza muda. Lakini "He was run over" ni kwamba amegongwa na gari. Ukipiga 999, hii ndiyo sentensi.
- "I'll run you home": nitakupeleka nyumbani kwa gari. Anakupa lifti, mshukuru.
- "I've got to run": inabidi niondoke sasa. Hajakasirika, anaaga tu.
- "I ran into your wife": nilikutana na mke wako bila kutarajia. Hajamgonga. Lakini "He ran into a wall" ni kwamba aliugonga ukuta. Tazama kilichotajwa baada ya "into".

Shuleni na ofisini

"The school run" ni kazi ya kila siku ya kuwapeleka na kuwarudisha watoto. "The club runs until half past four" ina maana shughuli za baada ya masomo zinaisha saa kumi na nusu jioni. Mzazi aliyeelewa kwamba watoto watakuwa wanakimbia hadi saa hiyo atampa mtoto viatu vya michezo kwa klabu ya kuchora.

"Run by" inakuonyesha mwenye dhamana. "It's run by Birmingham City Council" ni kwamba huduma hiyo inasimamiwa na halmashauri ya jiji, kwa hiyo malalamiko yako yaende huko.

Katika mikataba, "The contract runs for 24 months" ni muda wa mkataba. Hata kama hujaridhika mwezi wa tatu, mara nyingi utadaiwa mpaka muda huo umalizike au ulipe gharama ya kuuvunja. Kabla ya kusaini chochote, uliza: "How long does it run?" Na ukisikia "run up a bill", ni deni linalolundikana taratibu.

Kuhusu makaratasi ya uhamiaji, "Your leave runs out in June" ina maana kibali chako cha kuishi kinaisha mwezi wa sita. Usiisome kama habari ya mbali. Omba ushauri wa kisheria mapema, na ombi jipya liingie kabla tarehe haijafika.

Kuna mahali pia pa kuliepuka neno hili. Kwa Kiswahili aliyekimbia vita ni mkimbizi, na hakuna aibu ndani yake. Kwa Kiingereza "I ran away" huleta picha ya mtoto aliyetoroka nyumbani au mtu aliyekwepa wajibu. Neno linalofaa ni "flee", ambalo wakati uliopita huwa "fled": "I fled the fighting." Na "on the run" usiitumie kabisa ukitaka kusema una haraka. Kwa kawaida humaanisha mtu anayetafutwa na polisi.

Ila mahojiano ya kuomba hifadhi si mahali pa kujaribia Kiingereza. Una haki ya mkalimani. Taja tangu mwanzo Kiswahili chako ni kipi: cha Kivu, cha Bujumbura, Kibajuni, cha pwani ya Kenya au cha Tanzania. Kama humwelewi mkalimani uliyeletewa, sema hapohapo ili iandikwe.

Jambo moja la siasa. Wamarekani husema mgombea "runs". Waingereza husema "stands", kama sisi tunavyosema fulani amesimama kugombea. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wanaoishi hapa kihalali wanaruhusiwa kupiga kura Uingereza kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Ukisikia "She's standing in our ward", huyo anaomba kura yako.

Kulitamka na kulibadilisha

Kitenzi hiki hubadilika hivi: "run" kwa sasa, "ran" kwa wakati uliopita, kisha "run" tena baada ya "have" au "has". Sahihi ni "I have run out". Ukisema "I have ran out" utaeleweka, lakini kwenye mtihani wa Kiingereza utakosa alama. Kwa yeye au kitu kimoja, ongeza "s": "The bus runs". Na "running" huandikwa kwa "n" mbili katikati.

Kwa masikio ya wengi wetu, "run" na "ran" ni sauti moja, kwa sababu Kiingereza cha shule za Afrika Mashariki huyatamka yote mawili kama "ran". Birmingham inakusaidia hapo. Wenyeji wengi wa hapa hutamka "run" kwa sauti inayokaribia "u" ya Kiswahili, na "ran" kwa "a". Ukisikia "u", jambo linaendelea sasa au linafuata "have". Ukisikia "a", limepita. Usishangae pia ukisikia basi linaitwa "buz", kwa "z" mwishoni. Ndiyo lafudhi ya hapa.

Jipime

Soma sentensi hizi, useme maana yake kabla hujatazama majibu.

1. "We've run out of milk."
2. "Asthma runs in her family."
3. "The class is running late."
4. "Can I run you to the station?"
5. "The library is run by the council."

Majibu: 1. Maziwa yametuishia. 2. Pumu iko katika ukoo wao. 3. Darasa limechelewa. 4. Nikupeleke stesheni kwa gari? 5. Maktaba inasimamiwa na halmashauri.

Kama umekosa mawili au zaidi, rudia sehemu ya pale unapokwenda mara nyingi zaidi katika wiki, uache nyingine kwanza. Anayefanya kazi usiku aanze na kazini. Mwenye mtoto mdogo aanze na kwa daktari. Ukitaka kujifunza na mwalimu, huduma ya elimu ya watu wazima ya Birmingham, BAES, hutoa masomo ya Kiingereza kwa wageni.

Usipoelewa

Kuuliza si ujinga. Tumelelewa kumwitikia mkubwa na mtaalamu kwa "ndiyo", na ni adabu nzuri. Lakini muuguzi wa hapa huichukua "yes" yako kuwa taarifa, anaiandika, na dawa hutolewa kwa kuifuata. Jizoeze sentensi tatu hizi mpaka zitoke bila kufikiri:

- "Sorry, could you say that another way?": samahani, unaweza kulisema kwa namna nyingine?
- "Do you mean it's finished?": unamaanisha kimekwisha?
- "I need a Swahili interpreter, please": naomba mkalimani wa Kiswahili.

Mkalimani wa NHS ni bure, iwe kwa daktari wako wa mtaani au hospitali ya Heartlands. Mwombe siku ile ile unapopanga miadi, na uombe iandikwe kwenye faili lako ili usianze upya kila mara. Hata ukipiga 111 unaweza kumwomba. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya mwili wako, hata kama Kiingereza chake kinatiririka. Mtoto anajua "run" ya uwanjani, na hapaswi kubebeshwa jukumu la kueleza dawa zako, vipimo vyako wala magonjwa ya ukoo wenu.